Sinia la Bi Tunu

Ko.

Sauti ilitoka uani, kavu, kama mtu amegonga kifuu kwa kijiko. Kimya kidogo, maji yakamwagika, kisha tena: ko. Eufrazia alifumbua macho gizani. Mwanawe Sesilia, wa miaka sita, alikuwa amemlalia mkono mpaka mkono umekufa ganzi. Upande wa ukutani mumewe naye alikuwa macho. Alijua kwa pumzi zake, maana zilisimama kila sauti ilipolia, zikaendelea ilipotulia.

"Ni Bi Tunu," alinong'ona. "Anaoga kabla ya sala."

Mumewe, Alfonsi, aligeukia ukutani.

Nyumba ile ya Temeke ilikuwa na vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati, na nyuma ua wenye jiko, choo na bafu. Bafu ndilo lililoipa nyumba sifa. Marehemu mume wa Bi Tunu, mama mwenye nyumba, alikuwa mpishi wa Wazungu kule Oysterbay. Nyumba alimokuwa akipika ilipovunjwa, alipewa sahani pana ya kuogea, ya chuma, nyeupe kama bakuli la kaure, yenye tundu la maji katikati. Akaileta kwa mkokoteni, watoto wakimfuata nyuma, na siku hiyo hiyo mtaa ukaiita sinia. Miaka kumi sinia liliegemezwa ukutani, kuku wakitaga nyuma yake, mpaka Bi Tunu alipopata kibali cha mifuko miwili ya saruji. Bahati nzuri, alisema, humu humu ndani nina mpangaji fundi.

Mpangaji huyo alikuwa Alfonsi.

Sasa ilikuwa miezi sita tangu alilaze sinia sakafuni. Mwanzo lilikaa kimya. Masika ya mwaka ule wa themanini na tatu yalipoanza, likaanza kulia. Ukikanyaga mbele linagonga, ukirudi nyuma linagonga. Mwajabu, mpangaji wa chumba cha mkabala, alishalitungia maneno. "Siku hizi mtu akioga alfajiri nyumba nzima inajua alichofanya usiku," alisema akichagua mchele. "Mna shahidi uani." Wanawake walicheka, na Eufrazia alicheka nao, maana asiyecheka ndiye anayesemwa.

Ko.

Halafu ikaja sauti nyingine, ya kitu kupasuka, na ndoo kubingirika, na Bi Tunu akiita si kwa nguvu, bali kwa mshangao, kama mtu aliyeguswa bega na asiyemjua: "Jamani. Jamani, mguu."

Alfonsi aliketi kitandani. Hakusimama. Eufrazia ndiye aliyekimbia.

*

Upande mmoja wa sinia ulikuwa umezama, upande wa pili umeinuka kama mfuniko wa sufuria, na mguu wa kushoto wa Bi Tunu ulikuwa umeingia kwenye ufa hadi juu ya kifundo. Mama wa watu alikuwa hana nguo. Eufrazia alivua kanga ya juu akamfunika kabla ya kumgusa, na Bi Tunu, pamoja na maumivu, alimshika mkono akasema, "Mungu akustiri nawe." Neno lile Eufrazia alilibeba kutwa nzima kama jiwe ndani ya kiatu.

Jua lilipotoka walimkodia gari la jirani hadi hospitali. Alirudi jioni, mguu umefungwa plasta nyeupe hadi gotini. Mwajabu aliigonga ile plasta kwa kidole. "Angalau daktari kaipata simenti," alisema.

Hakuna aliyecheka sana, kwa kuwa Bwana Mfaume alikuwa amesimama pale. Alikuwa balozi wa nyumba kumi, mtu mfupi, msafi, anayetembea na tochi hata mchana. Alikuwa amekwisha kuchutama bafuni, akaingiza mkono kwenye ufa, na alichokitoa kilikuwa mkononi mwake: nyuzi ndefu za rangi ya kahawia, zimelowa, zinanuka.

"Ndugu Alfonsi. Hiki nini?"

Alfonsi alitazama.

"Usumba huo," Bi Tunu alijibu kutoka kwenye kitanda cha kamba alicholazwa ukumbini. "Makumbi ya nazi yaliyooza. Sie tukiyafukia ufukweni ndani ya maji yalainike, tusokote kamba. Mama yangu kanilea kwa kamba hizo. Sasa yameingiaje chini ya bafu langu?"

"Hilo ndilo swali," Mfaume alisema. "Maana kuta naziona zina plasta, kingo naziona. Huo ni mfuko mmoja, tena haukuisha. Kibali kilikuwa cha mifuko miwili. Nimesaini mie, kwa mkono huu. Wa pili uko wapi?"

Mwaka ule swali hilo halikuwa la mchezo. Redio ilikuwa inataja walanguzi asubuhi na jioni. Watu walikuwa wanatupa sukari chooni na vitenge baharini wasikutwe navyo. Mtaa wa pili mtu alikuwa amechukuliwa kwa katoni tatu za sabuni, na mkewe hadi leo anapeleka chakula asichojua kama kinafika.

"Fundi," Mwajabu alisema, "si unaulizwa wewe?"

"Nimesikia," Alfonsi alisema.

"Basi Jumamosi baada ya alasiri tutakaa hapa," Mfaume alisema. "Ukiwa na maneno, uje nayo. Ukiwa huna, mie nitaandika niliyoyaona nipeleke mbele. Sitafungwa kwa mfuko nisioula."

Bi Tunu alikuwa akimtazama Alfonsi bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Nilikuchinjia kuku," alisema polepole. "Firigisi nikakutilia wewe, mwanangu. Wanangu mwenyewe sikuwapa."

*

Eufrazia alijua mfuko ulipo. Alikuwa amelala juu yake wiki tatu.

Mfuko wa kwanza Alfonsi aliupiga ukutani, na ukuta ukatoka vizuri, maana kupiga plasta alikuwa ameona sana. Kulaza sinia ndiko hakujua. Kila Jumapili alimwambia Bi Tunu neno jipya: udongo haujakaa, nangoja pimamaji, mwezi huu mbaya. Mfuko wa pili ukakaa chini ya kitanda chao. Mvua ya vuli ikapita chini ya mlango usiku mmoja, mfuko ukanywa. Eufrazia ndiye aliyegundua, siku alipofagia akajigonga kidole kwenye jiwe. Alimwita mumewe. Alfonsi alipiga magoti akaubisha mfuko kwa kifundo cha kidole, ko ko ko, kama anayebisha hodi kwa watu asiowajua.

Bi Tunu alipokwenda Chanika kwenye maziko, Alfonsi alijifungia bafuni kutwa. Alichimba, akauviringisha mfuko ndani ukiwa na karatasi yake, akauzungushia makumbi makavu yaliyorundikwa nyuma ya jiko, magumu, mengi, ya bure. Kwao Ndanda hakuna minazi. Hakujua kuwa kitu hicho watu wa pwani hukifukia makusudi kioze. Juu akatandika mchanga, akalaza sinia, akaziba kingo kwa saruji iliyobaki. Jioni akasema, nimemaliza. Nyumba nzima ikampa mkono.

Sasa makumbi yalikuwa yamekuwa nyuzi, na sinia lilikuwa limebaki limekalia jiwe moja katikati kama sahani juu ya ngumi.

"Tukaseme," Eufrazia alimwambia usiku ule wa kuamkia Jumamosi. Kibatari kilikuwa kimezimwa kuokoa mafuta. "Walifunue waone. Simenti ipo."

"Nitasema niliuza."

"Watakufunga, Baba Sesi."

"Mwizi anafungwa, anatoka." Alijivutia shuka kifuani. "Fundi asiyejua kazi anatokea wapi?"

Eufrazia alitaka kumwambia kitu, akakimeza. Mwaka juzi alikwenda Kinondoni kumpelekea ufunguo aliousahau. Alipofika kwenye jengo alimwona kabla hajaonwa. Alikuwa anapanda ngazi ya miti na karai la zege kichwani, shingo imeingia mabegani, na kijana mwenye mwiko, ambaye hata ndevu hajaota, alikuwa anapiga kelele juu: "Wewe saidia, unalala huko?" Na Alfonsi, ambaye nyumbani husema leo nimejenga lenta, leo nimefunga nondo, akaitikia: "Nakuja, fundi." Eufrazia alirudi na ufunguo. Jioni alimwambia mumewe kwamba mtoto alikuwa na homa, hakuweza kutoka. Tangu hapo alikuwa mwangalifu kuliko zamani kumwita fundi mbele za watu. Aliona kwamba akiacha, mumewe ataelewa kuwa alimwona.

"Unalia?" Alfonsi aliuliza gizani.

"Silii."

"Usiseme kitu kesho. Niapie."

Sesilia alijigeuza katikati yao. Eufrazia alijifanya amepitiwa na usingizi.

*

Jumamosi waliweka mikeka uani, na kiti kimoja cha Mfaume. Bi Tunu aliketi kwenye kitanda cha kamba, mguu mweupe juu ya kinu kilicholazwa. Watu wa nyumba walikuwapo, na wengine wa nyumba za jirani waliokuja kuazima chumvi, mmoja mmoja, na hakuna aliyeondoka na chumvi yake.

Alfonsi alivaa shati lake la kanisani. Hakuonyeshwa mahali pa kukaa, akabaki amesimama.

"Ndugu, umeleta maneno?" Mfaume aliuliza.

"Andika unavyotaka."

"Siandiki nitakavyo, naandika ulivyofanya. Umeuza?"

"Andika."

"Kwa nani?"

"Sikumbuki."

"Simenti ya mwaka mzima hukumbuki," Mwajabu alisema, "na deni langu la vitumbua vitatu unalikumbuka ukanikwepa." Mtu akaguna kicheko, akakikohoa.

Mfaume aliweka daftari gotini akaandika, polepole, kwa mwandiko wa mtu anayejua utasomwa na wakubwa. Kisha akachana karatasi, akatoa kikopo cha wino. "Weka dole hapa."

Alfonsi alinyoosha kidole gumba. Kilikuwa kimechubuka, kimejaa michirizi ya chokaa na saruji ya watu wengine.

"Naomba niione kwanza," Eufrazia alisema.

Uso wa Mfaume ulionyesha mshangao wa kweli. "Utaisoma wewe, Mama Sesilia?"

"Niko kisomo. Mwaka wa pili."

Akampa. Eufrazia alikuwa akisoma jioni na wanawake wengine kwenye madarasa ya watoto, magoti yakigota madawati madogo, na huko maneno yalikuwa makubwa, ya chaki, nayo yalihusu mbolea na maji ya kuchemsha. Haya yalikuwa madogo, yameshikana. Alianza. "Mi-mi. Al-fonsi." Alisikia watu wakimngoja. Alisikia mtoto wa mtu akimuuliza mama yake mbona anasoma hivyo. Jasho likamtoka mgongoni. "Na-ki-ri. Ku-u-za. Mfu-ko. Wa sa-ru-ji. Wa u-mma." Alirudi nyuma akalisoma tena lile la mwisho. "Kwa hi-a-ri ya-ngu."

Alipofika hapo hakuendelea. Alitazama karatasi kana kwamba bado anasoma, lakini hakuwa anaona kitu. Kidole cha mumewe kilikuwa bado hewani, chekundu kwa wino.

"Baba Sesi, unisamehe," alisema. Kisha, kwa Mfaume: "Hakuuza."

"Mama Sesi," Alfonsi alisema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeomba maji.

"Hakuuza hata kijiko. Uko chini ya sinia. Mfuko mzima. Uliingia maji chini ya kitanda chetu, ukaganda. Akaona haya kusema."

"Fundi," Mwajabu alisema, na safari hii hakuwa anatania, alikuwa anataka kuelewa, "fundi anaachaje simenti igande?"

Eufrazia hakujibu. Angeweza kujibu, lakini kila jibu lilikuwa na neno moja ndani yake, na neno hilo halikuwa lake kulitoa. Ua mzima ulimgeukia Alfonsi.

Alfonsi alijifuta wino kwenye shati la kanisani. Akaenda nyuma ya jiko, akarudi na mtaimbo.

*

Wanaume wanne waliliinua. Kingo za saruji zilivunjika kwa sauti ya mifupa, sinia likatoka likilia kwa mara ya mwisho, na wote wakasogea mlangoni kutazama.

Kwanza walitoa usumba, mikono kwa mikono, nyuzi tele, za kutosha kufunga ng'ombe. Chini yake, katikati ya shimo, kulikuwa na mfuko. Ulikuwa umelala ubavu kama mtu. Karatasi ilikuwa imeoza sehemu, lakini jiwe lilikuwa limeshika kila kunjo, mshono wa mdomo, hata kishimo pale kiganja cha mtu kilipoubonyeza kikiusukuma chini ya kitanda. Juu yake palikuwa na alama nyeupe, mviringo, pale sinia lilipougonga miezi yote ile.

Mfaume aliwasha tochi, ingawa jua lilikuwa linawaka.

Halafu Mwajabu akaanza. Alijaribu kujizuia kwa kanga mdomoni, ikashindikana. "Kauzika," alisema. "Jamani, kazika maiti." Na ua wote ukaangua kicheko. Walicheka waliokuja kwa chumvi, wakacheka waliobeba mtaimbo, Mfaume mwenyewe akacheka akiwa ameshika ukuta, maana woga wake nao ulikuwa unamtoka. Hakikuwa kicheko kibaya. Kilikuwa cha watu waliokuwa wamejiandaa kumpoteza mtu kwa polisi na sasa hawampotezi. Lakini ndicho kicheko hasa ambacho Alfonsi alikuwa anakikimbia, na sasa alisimama katikati yake, mtaimbo mkononi, akitabasamu kidogo kwa sababu hakujua uso ufanye nini kingine.

Eufrazia alikuwa hacheki. Sesilia alikuwa anacheka kwa kuwa watu wanacheka, na mama yake alimvuta kwa mkono, kwa nguvu kuliko alivyokusudia.

Mfaume alichana karatasi vipande vinne, akafikiri, akachana tena vinane. "Mfuko umeonekana," alisema. "Kesi hamna. Mambo ya ufundi si ya chama."

Walipoondoka, na wengine walicheka tena barabarani, sauti zao zikasikika juu ya ukuta, Alfonsi alibaki ameketi ukingoni mwa shimo. Bi Tunu alimwita kutoka kitandani kwake.

"Njoo hapa. Shikamoo huniamkii leo?"

"Shikamoo, Bi Tunu."

"Marahaba. Simenti nyingine naipata wapi?"

"Haipatikani."

"Haipatikani. Kibali ni mwaka kesho, Mungu akipenda. Nami nioge juu ya mabanzi uani kama mwari hadi mwaka kesho?" Aliuweka sawa mguu wake. "Ulipokuwa hujui, mwanangu, kwa nini hukuuliza?"

Alfonsi alitazama chini. Kuku mmoja alikuwa anachakura kwenye usumba.

"Mie nimezaliwa hapa kabla simenti haijafika," Bi Tunu alisema. "Unadhani tulikuwa tunalala hewani, bila sakafu?"

*

Kazi ilichukua siku nne, na walioifanya walikuwa wanawake.

Bi Tunu aliongoza akiwa amelala, kwa bakora. Chokaa ilitoka kwa mtu anayechoma matumbawe. Udongo mwekundu ulichimbwa nyuma ya nyumba. Mfuko ulioganda ulivunjwa kwa nyundo ukawa kokoto. Hilo la mwisho Alfonsi alilifanya mwenyewe, peke yake, na ilimchukua Jumapili nzima, kwa kuwa saruji ilikuwa nzuri.

Sakafu ya zamani haimwagwi ikaachwa. Hupigwa. Bi Tunu aliwapa kila mmoja kipande cha mti bapa, akawapanga wamechutama mstari: Eufrazia, Mwajabu, na wengine wawili. Tabaka la kwanza la kokoto na chokaa, wakalipiga likashuka. La pili, wakalipiga. Maji kidogo, wapige tena, hata jasho la sakafu litoke juu. "Msiache kona," Bi Tunu alisema. "Kona ndiyo inayomla mtu mguu." Kila mara aligonga kwa bakora na kusikiliza. Palipolia tupu palichimbuliwa.

Alfonsi alirudi kutoka Kinondoni jioni, akabeba. Hilo alilijua. Alibeba udongo, alibeba maji ndoo mbili mbili kutoka bombani, na hakumwaga tone, na hakupumzika kabla ya kuambiwa. Jioni ya pili alisimama na pipa la chokaa mbele yake muda mrefu. Wanawake walisita na vipande vyao juu.

"Bi Tunu," alisema. "Naikorogaje?"

Bi Tunu hakuonyesha kitu usoni. "Maji juu ya chokaa, wala si chokaa juu ya maji. Kisha iache ichemke yenyewe. Usiiharakishe."

"Haya."

"Mpaka lini?" aliuliza tena, baada ya kidogo. Lilikuwa swali la pili.

"Mpaka ikatae kutoa mvuke."

Mwajabu alifungua kinywa, akamtazama Eufrazia, akakifunga, akaendelea kupiga.

Siku ya nne walitandika chokaa laini, nzito kama ugali, kote kote, bila kubakiza nafasi, wakalilaza sinia juu yake ikiwa mbichi, wakalikandamiza mpaka chokaa ikafura kwenye kingo na tunduni. Kisha Bi Tunu alitoa ndimu chini ya mto wake akampa Sesilia. "Iweke kona ile. Iachie." Ndimu ilibingirika taratibu ikaenda kutulia tunduni. Kona ya pili, ikaenda. Ya tatu. Ya nne ikasitasita, watu wakashika pumzi, ikaenda.

"Sasa sakafu ni mzazi," Bi Tunu alisema. "Anakaa arobaini. Atakayemkanyaga nitamtoa chumbani kwake."

Wakamfunika kwa makuti yaliyoloweshwa, wote wakaoga kwenye mabanzi.

Jioni moja katika hizo arobaini, Alfonsi alikuwa ameketi kizingitini akiosha miguu, na Sesilia amemchutamia karibu, anamkwangua saruji kwenye kisigino kwa kipande cha kifuu.

"Baba, kazini unafanya nini?"

Eufrazia alikuwa ndani, daftari la kisomo mapajani. Hakuinua kichwa.

Alfonsi alimwaga maji mguuni. "Nabeba zege," alisema, kwa sauti ndogo mno.

"Kwa mikono?"

"Kichwani."

"Zito?"

"Zito."

"Kunizidi mie?"

Alimtazama. "Kukuzidi wewe mara mbili. Tena unapanda nalo ngazi."

Sesilia alifikiri jambo hilo kwa muda, akakwangua kisigino cha pili. Eufrazia aligeuza ukurasa ambao hakuwa ameusoma.

*

Siku ya arobaini na moja Eufrazia aliamka kabla ya mwanga. Alisikia mlango wa Bi Tunu, bakora ukumbini, komeo la bafu. Alisikia mumewe akishika pumzi. Katika vyumba vyote, alijua, watu walikuwa macho.

Maji yalimwagika. Yakamwagika tena. Hakuna kingine kilichosikika, maji tu yakienda zao.

Alfonsi aliachia pumzi, ikamtoka ndefu.

Asubuhi ile ilikuwa Jumapili. Walikuwa wanakunywa chai ya mchaichai uani, wote, Mwajabu na vitumbua vyake, wakati mama mmoja mnene wa mtaa wa pili alipopiga hodi. Alikuwa amevaa vizuri, na alikuwa amesikia juu ya bafu, ingawa ilionekana hakusikia yote.

"Kwangu pia sakafu inalia," alisema. "Nimeambiwa humu mna fundi, mume wa Mama Sesilia. Ndiye huyu?"

Mwajabu alitazama vitumbua. Bi Tunu alitazama mguu wake, mwembamba sasa baada ya plasta. Alfonsi alikuwa na kikombe mkononi, na Eufrazia aliona masikio yake yakibadilika rangi. Tangu ile siku ya ufunguo, mahali kama hapo yeye ndiye aliyemjibia mumewe. Alikuwa na maneno tayari, ndiyo, lakini siku hizi ana kazi nyingi. Alifungua mdomo. Akaufunga. Akamtazama mumewe, akisubiri ajibu mwenyewe, au asijibu.

Alfonsi alikiweka kikombe chini.

Sesilia alikuwa anamaliza kitumbua. Alijifuta mdomo kwa mkono, akamwamkia mgeni vizuri kama alivyofundishwa, kisha akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu:

"Baba anabeba zege kichwani."